Afya iko kwenye dali, haiko kwenye kopo la manjano

Kaa kwenye kibaraza chochote cha Dar es Salaam au Mombasa, utasikia mambo mawili yanayopingana yakitoka mdomo mmoja. Sasa hivi mtu anakwambia chakula cha Kihindi ni mafuta matupu, kwamba sambusa na bajia ndizo zilizotuletea presha. Kabla kahawa haijapoa ameshatoa simu, anakusomea ujumbe uliozunguka makundi yote ya WhatsApp: kijiko cha manjano kwenye maji ya uvuguvugu kila asubuhi kinashusha sukari, kinasafisha ini na kuua saratani, na ushahidi wake ni kwamba Wahindi wanakitumia tangu enzi na enzi. Sasa chakula hiki kinaua au kinaponya?

Kila kauli ina chembe ya ukweli, na zote zimekosea mahali pamoja: zinatazama pembezoni mwa sahani. Moja inatazama vitafunwa vya kukaanga, nyingine inatazama kiungo kimoja. Pale katikati, penye chakula chenyewe ambacho mtu wa majimbo ya India kama Gujarat au Tamil Nadu anakula Jumanne mchana bila sherehe wala mgeni, hakuna anayepatazama. Ndipo ninapotaka kupafikia.

Kwanza majina

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Mtu wa Kerala, ambaye mchuzi wake wa samaki wa nazi ungemfanya Mtanga ajisikie yuko kwao, ana chakula tofauti kabisa na mtu wa Punjab anayekula mkate wa ngano na majani ya haradali. Ni kama kumweka mla ugali wa muhogo wa Mtwara na mla matoke wa Bukoba kwenye kapu moja ukaliandika "chakula cha Kitanzania". Hata hivyo kuna mambo yanayojirudia karibu kila pembe ya nchi ile, na hayo yana majina yake.

Dali ni mbegu za jamii ya kunde, kama mbaazi, choroko, dengu na adesi, zilizokobolewa na kupasuliwa. Na ni jina pia la mchuzi mzito unaopikwa kwa mbegu hizo. Roti ni mkate bapa usiotiwa hamira. Masala ni mchanganyiko wowote wa viungo, na kila nyumba ina wake. Tadka ni ile hatua ya kukaanga viungo kwenye mafuta kidogo ya moto kisha kuyamwaga juu ya dali, yakalia "chaaa". Thali ni sinia la vibakuli vidogo vidogo: dali, mboga, mtindi, achari, pamoja na wali au roti.

Ile bizari ya mchuzi ya kopo, unga mmoja wa kutia kwenye kila kitu, imetokana zaidi na Waingereza waliotaka kurudi kwao na ladha ya India bila kumchukua mpishi. Na tukisema "asili" tuseme kwa tahadhari. Pilipili hoho na kali, nyanya na viazi vilitoka Amerika, vikafika India baada ya Vasco da Gama kuchukua nahodha wa kumwongoza pale Malindi mwaka 1498 na kutia nanga Calicut. Kabla ya hapo ukali wa chakula cha Kihindi ulitoka kwenye pilipili manga na jamii zake. Mchuzi mwekundu wa nyanya tunaouita wa Kihindi halisi ni mgeni kule, kama mahindi yalivyo mgeni huku.

Tulichorithi sisi ni karamu

Nilipokuwa kijana nilialikwa chakula cha mchana kwa majirani wa Kigujarati. Nilikwenda nimejinyima tangu asubuhi. Mama wa nyumba akaona jicho langu haliondoki jikoni, akaniuliza nasubiri nini.

"Nasubiri biriani, mama."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Biriani? Leo harusi ya nani, mwanangu?"

Kilicholetwa ni vitu vinne ambavyo Wagujarati huvitaja kwa pumzi moja: dal, bhat, rotli, shaak. Dali, wali, roti, mboga. Dali ilikuwa ya mbaazi, nyepesi, yenye ndimu na sukari guru kidogo. Mboga ilikuwa bamia. Roti zilikuwa nyembamba, unaona kivuli cha kidole nyuma yake. Wali ulikuja mwishoni, kidogo, na mtindi wa kushushia. Cha kukaangwa kwenye karai la mafuta hakikuwepo hata kimoja.

Siku ile nilielewa jambo ambalo sijaacha kulisema. Vyakula vya Kihindi vilivyoingia kwenye maisha yetu Afrika Mashariki ni vya arusi, vya mgeni na vya barabarani: sambusa, bajia, kachori, biriani. (Sambusa na biriani zenyewe zina asili ya Uajemi, lakini tuliache hilo.) Vile vya kila siku vilibaki ndani ya nyumba zao. Ni sawa na mtu wa Ulaya atuhukumu kwa maandazi na chipsi mayai bila kuonja mchicha wala maharage.

Tazama chapati. Roti ya kila siku kule India hukandwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa na maji, huokwa kwenye chuma kikavu, hupitishwa motoni ikavimba kama mpira, ndipo ipakwe samli kidogo. Chapati yetu ni ya unga mweupe, ina mafuta ndani ya donge, ina mafuta katikati ya kunjo, na inakaangwa kwa mafuta. Kwa Wahindi hiyo ni jamaa ya paratha, chakula kizito chenye siku zake. Tumechukua jina la cha kila siku tukalibandika kwenye cha sikukuu, kisha tukakila kila siku.

Shanga zinazokosekana

Tukichimba ubora wa mlo ule wa nyumbani, tunaanza na ndoa ya nafaka na dali.

Protini ya mwili ni kama mshipi wa shanga wenye rangi nyingi. Rangi 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Lazima ziingie na chakula. Ukikosa shanga za rangi moja, kazi inasimama hapo hapo hata kama zile nyingine zimejaa kikapuni. Mchele na ngano zina upungufu wa shanga iitwayo lisini. Dali ina lisini tele, lakini inapungukiwa na nyingine iitwayo methionini, ambayo nafaka zinayo. Weka wali na dali pamoja, mshipi unakamilika. Ni kama doti ya kanga: kipande kimoja kinasitiri, viwili vinavalika.

Hakuna bibi aliyejua neno lisini, wa kule wala wa kwetu. Makande, githeri na wali maharage ni hesabu ile ile. Walichotuzidi Wahindi ni kuifanya hesabu hiyo kila siku na kwa namna mia. Khichdi ni wali na choroko zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika, chakula cha mgonjwa na cha mtoto anayeanza kula. Idli na dosa za kusini ni mchele na dali nyeusi ya urad vilivyosagwa na kuachwa vichachuke usiku kucha. Kuchachuka kunapunguza vitu vinavyoshikilia madini yasifyonzwe, na kunaongeza baadhi ya vitamini za kundi B.

Wapo wanaosema lazima vyote viwili viliwe kwenye sahani moja, la sivyo umepoteza kazi. Si kweli. Wali mchana na dali usiku vinakutana tu mwilini.

La kuangalia ni kipimo. Dali kavu ina protini ya gramu 20 hadi 25 katika kila gramu 100, mchele una kama 7. Wataalamu wa lishe wa India hushauri sehemu 3 za nafaka kwa sehemu 1 ya dali. Kwenye nyumba nyingi, huko na huku, wali ni mlima na dali ni maji ya rangi yaliyopita juu yake. Hiyo si ndoa tena, ni salamu.

Dali hiyo pia inatuhusu kwa njia ya mfukoni. Wakulima wa mbaazi wa Mtwara, Lindi na Manyara wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoruhusiwa kuingia nchini mwake na bei huku ikaporomoka. Wengi ndipo tulipotambua mbaazi zetu zilikuwa zikiishia kwenye sufuria za nani.

Faida ya pili ya dali ni mwendo wake tumboni. Wanga ni kuni za mwili. Wali mweupe ukiliwa peke yake ni karatasi: unashika moto mara moja, sukari inapanda kwenye damu, baada ya muda mfupi umebaki na majivu na njaa. Dali ni gogo. Nyuzinyuzi na protini zake zinachelewesha mmeng'enyo, sukari inaingia kwenye damu taratibu, na karatasi ikiwekwa pamoja na gogo nayo haiishi haraka vile.

Lakini dali inajaza gesi! Ndiyo, kwa sababu ina sukari fulani ambazo matumbo yetu hayawezi kuzivunja, zikafika utumbo mpana na kuwa karamu ya bakteria. Bakteria hao ndio tunaowataka wastawi, kwa hiyo gesi kidogo ni risiti ya kazi nzuri. Ikizidi, loweka dali, mwaga yale maji, pika mpaka ilainike, na uanze na kiasi kidogo mpaka tumbo lizoee. Wahindi huongeza tangawizi na mvuje. Ndiyo, mvuje ule ule ambao pwani tunamfungia mtoto ili kukinga jicho baya, kwao ni dawa ya dali isichafue hali ya hewa.

Manjano yenyewe sasa

Hapa ndipo penye maneno mengi, basi tusiende mbio.

Ndani ya manjano kuna kitu kiitwacho kurkumini, ndicho kinachotoa rangi na ndicho kinachosifiwa. Kwenye bomba la maabara, kurkumini inafanya mambo ya ajabu kwa seli. Mwilini mambo yanabadilika, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni uchache wake. Kurkumini ni takribani asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Kijiko cha chai kina unga wa kama gramu 3, yaani kurkumini chini ya sehemu moja ya kumi ya gramu. Majaribio mengi ya kitabibu hutumia nusu gramu hadi gramu 2 za kurkumini iliyochujwa. Kufikisha gramu moja kwa manjano ya jikoni ungekula vijiko kumi na kitu kwa siku. Mchuzi huo hata mbuzi angeukataa.

Ya pili, mwili haukipokei. Kurkumini haiyeyuki kwenye maji. Jaribu jikoni: tia manjano kwenye glasi ya maji, yanazama chini kama tope, tia kwenye mafuta ya moto, mafuta yote yanageuka dhahabu. Ndiyo maana ujumbe wa "manjano na maji ya uvuguvugu" umekosea hata kwa kipimo cha bibi wa Kihindi, ambaye huyapitisha manjano kwenye tadka au kuyachemsha kwenye maziwa. Na hata hiyo kidogo inayofyonzwa, ini huifukuza haraka.

Hapo huingia mtu wa tatu na pilipili manga. Utafiti wa Bangalore wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba gramu 2 za kurkumini zikimezwa na miligramu 20 za piperini, ile inayoleta ukali wa pilipili manga, kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka kwa asilimia 2,000. Namba hiyo imeuza vidonge vingi sana duniani. Lakini kuongeza kunategemea ulichoanza nacho. Mwenye shilingi mia moja akizidishiwa mara ishirini anapata elfu mbili. Kuku bado hanunui.

Ya tatu ndiyo nzito. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia majaribio zaidi ya 120 ya kurkumini waliandika kwamba hawakuona hata moja lenye usimamizi madhubuti, lile ambalo mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu, lililofanikiwa. Wapo watafiti wanaopinga ukali wa hukumu hiyo, hasa kuhusu maumivu ya magoti. Lakini kutoka hapo mpaka "inaua saratani" ni safari ambayo hakuna aliyeifanya. Mgonjwa anayeacha matibabu ya hospitali kwa ajili ya kopo la manjano anacheza kamari na roho yake.

Na vidonge vina hatari ambayo mchuzi hauna. Mwaka 2022 watafiti wa ini nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, mmoja alifariki. Kipimo kikubwa, kila siku, kwa mtu ambaye maumbile yake hayakivumilii. Manjano ya kwenye dali hayajapata sifa hiyo.

Kuna pia manjano yanayong'aa kupita kiasi. Nchini Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka rangi yenye madini ya risasi ili yavutie, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za masoko yao zilikuwa na risasi. Serikali ikakagua, ikatoza faini hadharani, na kufikia 2021 ikawa sifuri. Ukiweza, nunua mzizi ukaushe na kusaga mwenyewe.

Hoja ya "wametumia miaka mingi" ina kisa chake kizuri. Mwaka 1995 chuo kimoja cha Marekani kilipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya kutumia manjano kuponya vidonda, kana kwamba kimevumbua. Baraza la utafiti wa kisayansi la India, CSIR, likapinga kwa kuleta maandiko ya zamani, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. India ilishangilia, na ilistahili. Ila kilichothibitishwa ni kwamba jambo hilo si jipya. Kama manjano yanaponya kidonda ni swali jingine, na umri wa desturi hauwezi kulijibu.

Kwa nini basi nimesema kila kauli ina chembe ya ukweli? Kwa sababu viungo vina kazi, ila ni ya unyenyekevu zaidi. Jira, giligilani, tangawizi, kitunguu saumu na haradali vinafanya dali, bamia na majani viwe chakula cha kutamaniwa bila nyama na bila chumvi nyingi. Mtu anayekula dali kila siku kwa miaka arobaini kwa kuwa ni tamu amefaidika na viungo kuliko anayemeza kidonge. Uwatu una ushahidi kidogo kuzidi manjano: mbegu zake zina nyuzinyuzi za kuteleza, zile zinazoufanya uwe kama kamasi ukilowekwa, na tafiti ndogo kadhaa zimeonyesha unashusha sukari kiasi. Mwenye kutumia dawa za kisukari amwambie daktari kabla ya kuujazia, asije akaanguka kwa sukari kushuka mno.

Kama ni kizuri hivyo, mbona wanaugua?

Hili ndilo swali la haki kabisa. Utafiti mkubwa wa baraza la tiba la India, uliochapishwa mwaka 2023, ulikadiria watu milioni 101 wenye kisukari nchini humo na wengine milioni 136 walio mlangoni. Mwongozo wa lishe wa taifa uliotolewa 2024 unasema asilimia 56.4 ya mzigo wa magonjwa unatokana na ulaji usiofaa. Taifa la dali na manjano!

Jibu moja ni kwamba sahani imebadilika. Mapinduzi ya Kijani ya miaka ya 1960, ile kampeni ya mbegu bora na mbolea, yaliiokoa India na njaa kwa ngano na mchele, na maduka ya mgao yakauza hivyo hivyo kwa bei nafuu. Mtama, uwele na ulezi vikarudi nyuma, vikaitwa vya maskini na mifugo. Samli ya maziwa ikapata mshindani: mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, yaliyoanza kuuzwa kwa jina la Dalda mwaka 1937. Yalikuwa rahisi na yalifanana na samli, lakini yalibeba mafuta ya transi, mabaya kwa mishipa ya moyo kuliko samli yenyewe. India iliyafunga kwenye kikomo cha asilimia 2 mwaka 2022 tu. (Samli haijasafishika kwa hilo. Zaidi ya nusu yake ni mafuta mazito ya kuganda, na kijiko kimoja cha chakula kina kalori zaidi ya 100. Ya kunukishia dali, sawa. Ya kuogelea, hapana.)

Jibu la pili ni wingi. Watafiti wa baraza lile lile la tiba walionyesha mwaka 2025 kwamba takribani asilimia 62 ya kalori za Mhindi wa kawaida zinatoka kwenye wanga. Na wakaongeza jambo ambalo wapenzi wa "unga wa asili" hawapendi kulisikia: kubadilisha wali mweupe kwa ngano nzima au ulezi, bila kupunguza jumla ya wanga, hakukuendana na kupungua kwa hatari ya kisukari. Kilichosaidia ni kuondoa sehemu ya wanga na kuweka dali au mtindi mahali pake. Gogo la mtama nalo ukirundika matatu linachoma nyumba.

Jibu la tatu liko kwenye mwili. Mwaka 2004 daktari wa mji wa Pune nchini India, Chittaranjan Yajnik, alichapisha picha yake akiwa na mwenzake wa London, John Yudkin. Wote wawili walikuwa na uwiano ule ule wa uzito na urefu, 22.3. Kwa macho ni wembamba sawa. Kipimo cha mafuta mwilini kikasema vingine: Yudkin asilimia 9.1, Yajnik 21.2. Watu wengi wa Bara Hindi hubeba mafuta tumboni na kuzunguka viungo vya ndani wakiwa bado wembamba, na mafuta hayo ndiyo yanayovuruga sukari. Sahani iliyomtosha babu aliyeshinda shambani inamzidi mjukuu aliyekaa mbele ya kompyuta, na yeye hana kitambi kikubwa cha kumwonya.

Chai, damu na mfungo

Wengi wetu tunaamini Wahindi hawali nyama. Katika uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani uliochapishwa 2021, asilimia 39 ya watu wazima walisema ni walaji wa mboga tu. Walio wengi hula nyama au samaki, ila wengi wao hujiwekea mipaka: siku fulani, nyama fulani. Nyama kwao kwa kawaida ni kitoweo cha pembeni, na hilo peke yake lina manufaa.

Lakini kutokula nyama kabisa kuna deni lake. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Asiyekunywa maziwa wala kula mayai lazima aitafute kwingine. Na chuma cha kwenye dali na majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha kwenye nyama. Uchunguzi wa afya wa India wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 57 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo iko kwenye kikombe: chai inayonywewa na chakula huzuia chuma kisiingie. Mwongozo ule wa 2024 unashauri kuiacha saa moja kabla na saa moja baada ya mlo. Ndimu na nyanya hufanya kinyume chake, hukifungulia chuma mlango, na hapo ile kachumbari yetu, neno na chakula tulichokopa kwao, ina heshima kuliko tunavyoipa. Achari isichukuliwe kama badala yake, kwa sababu imejaa chumvi.

Kuhusu desturi za ulaji, nitapita haraka kwa kuwa ushahidi ni mwembamba. Kula kwa mkono na kukaa chini kunaweza kumpunguzia mtu haraka, zaidi ya hapo ni maneno. Wajaini, wafuasi wa dini moja ya kale ya India, wengi wao hawali baada ya jua kuzama. Kula mapema kuna dalili njema katika tafiti za sukari, ingawa matokeo bado yanatofautiana. Wahindu wengi hufunga siku ya Ekadashi, mara mbili kwa mwezi wa mwandamo, na hapo nina neno. Kwa kuwa nafaka ni mwiko siku hiyo, watu hukimbilia sabudana, punje za wanga wa muhogo, zikapikwa kwa viazi, karanga na samli. Wenzetu waliowahi kufunga Ramadhani na kuongezeka kilo wataelewa.

Uji wa bibi

Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo la India, uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa mtama, uwele, ulezi na ndugu zao. India iliposherehekea ulezi, unaoitwa ragi, ilisherehekea mmea uliotoka huku. Ulezi ulianza kulimwa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, ukavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Kule jimbo la Karnataka wanausonga wakatengeneza madonge ya ugali, ragi mudde, wanayachovya kwenye mchuzi na kuyameza bila kutafuna. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana kama 120.

Mwaka juzi niliingia kwenye duka la viungo mjini kununua dali. Muuza duka akanionyesha pakiti yenye picha ya mlima na maandishi ya Kihindi, bei yake mara tatu ya unga wa kawaida.

"Hii ni ragi, kaka. Chakula maalum, imetoka India juzi juzi."

Nikainunua, nikaifungua nyumbani, nikanusa. Mke wangu akachungulia juu ya bega langu. "Uji wa ulezi umenunua wapi kwa bei hiyo?"